Kutoka Kiswahili cha Kitabu hadi Kiswahili cha Nyumbani: Ibada ya Familia na Malezi ya Imani kwa Watoto Mashariki mwa Kongo na Nchi Jirani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna watoto wanavyofundishwa imani na sala katika ibada ya familia, hususan katika kaya za Kikristo zinazozungumza Kiswahili mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pale inapofaa, ulinganisho unafanywa na Rwanda na Burundi. Hoja kuu ni kwamba kiini cha mafundisho hayo si usomaji wa Maandiko peke yake, bali ni maelezo yanayoufuata, pale mzazi anapoyahamisha maneno ya kitabu na kuyaleta katika lugha ya nyumbani. Katika hatua hiyo mtoto hujifunza kuelewa, kuuliza, na hatimaye kusali kwa maneno yake mwenyewe. Sera ya lugha inayoihesabu lugha ya nyumbani kuwa kosa tupu inaweza kuidhoofisha hatua hiyo bila kukusudia. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wapangaji wa sera, wachapishaji na viongozi wa dini.

1.0 Utangulizi

Katika kaya nyingi za Kikristo za Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi, siku hufungwa kwa ibada fupi. Chakula kikiisha, watoto hukusanyika, wimbo huanzishwa, fungu la Biblia husomwa, mmoja wa wakubwa hulieleza, kisha sala hufuata. Wakatoliki husema wanasali na Waprotestanti husema wanaomba, lakini mpangilio wenyewe hautofautiani sana. Kwa Waadventista, ibada ya Ijumaa jua linapozama hubeba uzito wa pekee kwa kuwa ndiyo inayofungua Sabato. Katika familia za Kikatoliki, rozari huweza kuchukua nafasi ya usomaji, au vyote viwili vikaenda pamoja.

Wataalamu wa lugha hawajaipa ibada hii uzito unaolingana na nafasi yake. Mijadala kuhusu Kiswahili katika Afrika Mashariki na Kati imejikita zaidi katika shule, bunge, biashara na vyombo vya habari. Mwelekeo huo una sababu zake. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa mashariki mwa Kongo, mahali pa kwanza wanapokutana na Kiswahili cha maandishi si darasani. Ni nyumbani, mbele ya Biblia iliyofunguliwa. Kwa sababu hiyo, ibada ya familia ni suala la imani na malezi, na papo hapo ni suala la lugha. Kinachotokea hapo kina matokeo kwa vyote vitatu.

2.0 Nyumba kama Mahali pa Mafundisho

Wazo la kwamba mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa imani lina mizizi mirefu. Sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati inawaagiza wazazi kuyazungumza maneno ya Mungu na watoto wao wakiwa nyumbani na njiani, wakilala na wakiamka. Agizo hilo halitaji jengo la ibada wala mwalimu aliyeajiriwa. Linataja maisha ya kawaida ya kaya. Katika Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, uliielezea familia kuwa kana kwamba ni kanisa la nyumbani. Waraka wa Familiaris Consortio wa mwaka 1981 uliliendeleza wazo hilo, na mwaka 1995 waraka wa Ecclesia in Africa ulilipa sura ya Kiafrika kwa kulitazama Kanisa lenyewe kuwa familia ya Mungu.

Upande wa Waprotestanti, Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika kasi miaka ya 1930 kutoka Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanzania, uliyapa makundi madogo ya waumini nafasi kubwa ya kusoma, kutubu na kushuhudia pamoja. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lilichapisha Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili mwaka 2000, lilichukua hatua ya wazi zaidi. Kuanzia Januari 2019, mikutano yake ya Jumapili ilipunguzwa kutoka saa tatu hadi saa mbili ili sehemu ya mafundisho ihamie nyumbani.

Historia ya Kongo inaonyesha kwamba uhamisho wa aina hii si mara zote huwa wa hiari. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizitaifisha shule za makanisa, na masomo ya dini yakaondolewa madarasani. Hadi mkataba wa mwaka 1977 uliporejesha usimamizi wa shule kwa makanisa, mtoto aliyetaka kujifunza katekisimu alikuwa na parokia na nyumba yao tu. Hali yenye mfanano ilijitokeza Machi 2020, pale Rwanda, Uganda na Kongo zilipofunga nyumba za ibada kwa sababu ya janga la Uviko-19. Familia zilizokuwa na mazoea ya ibada ya jioni ziliendelea nayo. Zile zilizoitegemea Jumapili peke yake zililazimika kuanza upya. Kutokana na matukio haya, nyumba haipaswi kutazamwa kuwa nyongeza ya kanisa au ya shule, kwa kuwa ndiyo taasisi inayobaki nyingine zinapofungwa.

3.0 Umbali kati ya Kitabu na Nyumba

Kiswahili cha Biblia kina historia yake. Krapf alianza kuitafsiri Mombasa katika miaka ya 1840. Steere na wenzake wa Zanzibar walifuata kwa tafsiri ya Kiunguja, na baadaye Mombasa ikapata Biblia yake ya Kimvita. Baada ya Kiunguja kuteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, makanisa yaliunganisha juhudi zao na kuchapisha tafsiri ya pamoja, yaani Union Version, mwaka 1952. Biblia hiyo imevuka mipaka ya Tanganyika na Kenya na kusomwa mbali sana na pwani. Agano Jipya la Habari Njema, lililotoka mwaka 1977, lilirahisisha msamiati. Kongo pia ina tafsiri zilizokusudiwa wasomaji wake. Hata hivyo, zote hizi zina sura ya lugha ya maandishi.

Kiswahili cha nyumbani cha Kivu na Katanga kina utaratibu wake. Wingi wa watu na watoto husikika kama bantu na batoto. Upatanisho wa ngeli umepungua, na mtoto husema jina yangu mahali ambapo kitabu kinaandika jina langu. Kirejeshi cha kitabu, kama katika aliyepotea, huchukuliwa na neno mwenye, na hivyo husemwa mwenye alipotea. Kwa masikio ya mtoto wa miaka sita aliyelelewa kwa lugha hiyo, neno kama litukuzwe ni fumbo la ngazi tatu: kiambishi cha ngeli kisichotumika kwao, kauli ya kutendwa, na hali ya kutakia. Mtoto anaweza kulitamka kila jioni kwa miaka bila kujua kinachotakiwa kutukuzwa.

Hali hii inakaribia ile ambayo Charles Ferguson aliieleza mwaka 1959 kwa istilahi ya daiglosia, ambapo lugha moja ina namna mbili: ya juu kwa shughuli zenye heshima na ya chini kwa mazungumzo ya kila siku. Tofauti ni kwamba ibada ya familia hukusanya namna zote mbili katika mkeka mmoja. Kitabu huzungumza kwa namna ya juu, na mama huzungumza kwa namna ya nyumbani. Mtoto huketi katikati.

Ulinganisho na nchi jirani unasaidia kuuona ubia huu. Kaya nyingi za Kikristo nchini Rwanda na Burundi husoma Biblia ya Kinyarwanda au ya Kirundi, hivyo umbali kati ya kitabu na mazungumzo ni mdogo zaidi. Lakini katika mitaa yenye historia ndefu ya Kiislamu na ya Kiswahili, kama Nyamirambo mjini Kigali na Buyenzi mjini Bujumbura, watoto wa Kiislamu hukutana na umbali mkubwa kuliko huo. Kurani husomwa kwa Kiarabu, na maelezo hutolewa kwa lugha wanayoijua, aghalabu Kiswahili. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyozoea kazi ya kueleza Maandiko. Katika mapokeo hayo hakuna anayeona aibu kwamba maelezo yanahitajika, kwa kuwa usomaji una heshima yake na maelezo yana yake.

4.0 Kazi ya Maelezo

Mfano wa fungu moja unatosha kuonyesha kazi hiyo. Sura ya 15 ya Injili ya Luka ina habari ya mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, akawasha taa, akafagia nyumba na kutafuta mpaka akaiona. Katika Union Version sarafu hizo zimeitwa shilingi. Mtoto wa Uvira anatumwa dukani na faranga. Akiachwa na usomaji peke yake, huenda akadhani kwamba habari hiyo ni ya watu wa ng'ambo ya ziwa.

Mzazi anayeeleza hufanya mambo matatu, mara nyingi bila kuyapanga. Kwanza, hubadilisha neno, na shilingi huwa faranga. Pili, huleta jambo karibu. Hukumbusha siku umeme ulipokatika na fedha ya unga ikaangukia chini ya kitanda, nyumba nzima ikainama kuitafuta kwa mwanga wa simu. Tatu, huuliza: kwa nini mwanamke huyu hakuridhika na zile tisa? Swali hili la tatu ndilo lenye uzito. Mtoto anayejibu kwamba ile moja nayo ilikuwa yake amekwisha kuingia ndani ya fundisho, hata kabla ya kuambiwa kwamba Mungu humtafuta aliyepotea.

Aina ya maswali yanayoulizwa nyumbani ina matokeo yanayofika hadi shuleni. Shirley Brice Heath, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu jamii mbili za wafanyakazi katika Carolina, nchini Marekani, alieleza kwamba katika jamii mojawapo watoto walizoezwa kusema yale tu yaliyomo kitabuni. Watoto hao walianza shule vizuri, lakini walipata shida baadaye walipotakiwa kutoa fikra zao wenyewe. Mazingira ya Kongo ni tofauti, lakini onyo linabaki. Ibada ambayo maswali yake yote ni ya nani, wapi na wangapi humfundisha mtoto kukumbuka. Ile inayouliza pia kwa nini, na wewe ungefanya nini, humfundisha kufikiri juu ya anachokiamini.

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili cha nyumbani ni chepesi mno kubeba mambo mazito ya imani. Historia ya Katanga inalikanusha dai hilo. Mwaka 1953 padri Mfransisko Placide Tempels, aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu, alianza kazi Musonoi, makazi ya wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi. Kutokana na mazungumzo yake na wanandoa wa huko kulizuka vuguvugu la Jamaa. Johannes Fabian, aliyelichunguza kwa kina, alionyesha kwamba mafundisho yake yalijengwa kwa Kiswahili cha Katanga juu ya dhana tatu, uzima, uzazi na mapendo, na kwamba waumini wasio na elimu kubwa ya shule waliweza kuzifafanua kwa saa nyingi. Ni kweli kwamba Jamaa ilikuwa ya watu wazima, hasa wanandoa. Lakini jambo lililothibitishwa hapo linahusu lugha yenyewe: Kiswahili cha mgodini na cha jikoni kiliweza kubeba teolojia.

5.0 Kutoka Kuitikia hadi Kusali

Sala hufundishwa kwa hatua. Mtoto mdogo huanza kwa kuitikia: mama husema maneno machache, naye huyarudia. Baadaye huachiwa nafasi ndogo ndani ya sala ya mkubwa, kwa mfano kutaja majina ya wagonjwa au ya ndugu walio safarini. Kisha hukariri sala kamili. Hatimaye hupewa zamu ya kuomba mwenyewe, na hapo ndipo lugha ya nyumbani hujitokeza. Sala kama hii inaweza kusikika: Mungu, linda papa mwenye iko mu njia.

Mzazi anayesikia sala hiyo yuko mbele ya uamuzi mdogo wenye matokeo makubwa. Akimkatiza mtoto ili kumrekebisha sarufi, anaweza kumfundisha upatanisho sahihi, lakini pia anamfundisha kwamba Mungu husikiliza lugha ya kitabu tu. Mtoto huyo atarudi kwenye maneno aliyokariri, naye hatathubutu tena kumtaja baba aliye njiani. Mzazi akijibu amina kwa moyo wote, na kesho yake katika zamu yake akasema mwenyewe umlinde baba aliye safarini, mtoto husikia namna zote mbili bila kuaibishwa.

Hili si hoja dhidi ya kukariri. Sala zilizokaririwa zina nguvu ambayo sala za papo kwa papo hazina. Zinaunganisha vizazi, zinamwezesha mtoto wa Bukavu kusali pamoja na mtoto wa Kigoma, na hazihitaji kitabu. Katika eneo ambalo vita vimezihamisha kaya mara kwa mara, jambo hilo si dogo. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, imepokea vizazi vya wakimbizi wa Kikongo. Familia inayokimbia usiku huenda ikaiacha Biblia mezani, lakini haiachi ilichokariri. Kwa hiyo kukariri na kusali kwa maneno ya mtoto mwenyewe vinahitajiana, na daraja kati yake ni maelezo. Mtoto aliyeelezwa maana ya litukuzwe ana neno la kitabu na pia ana uelewa wake.

6.0 Mtoto Anayesoma na Mzazi Anayeeleza

Katika kaya ambako wazazi hawakupata shule ya kutosha, kitabu hukabidhiwa mtoto anayejua kusoma. Mpangilio huu hubadilisha mizani ya mamlaka. Mtoto wa miaka kumi anakuwa sauti ya Maandiko mbele ya baba yake. Katika malezi yanayosisitiza heshima kwa mkubwa, hali hii inaweza kuzaa haya kwa mzazi na kiburi kwa mtoto, na pengine ndiyo sababu mojawapo ya ibada kufifia mara watoto wanapoanza shule.

Utaratibu wa kugawana kazi huondoa tatizo hilo. Mtoto husoma; mzazi au nyanya hueleza. Anayejua herufi huwatumikia wote, na anayejua maisha huzitolea herufi maana. Bibi asiyejua kusoma, lakini aliyewahi kupoteza na kutafuta, anaweza kuieleza sura ya 15 ya Luka kwa undani ambao mjukuu hajaufikia. Mamlaka yake hayatokani na kitabu, na kwa hiyo hayaondolewi na kutojua kusoma.

Mamlaka hayo yana mipaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 14, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 9, inatambua uhuru wa mtoto wa dhamiri na dini pamoja na wajibu wa wazazi wa kumwongoza kadiri uwezo wake unavyokua. Ibada inayogeuzwa kuwa baraza la kusomea makosa ya siku na kutoa adhabu huenda kinyume na roho ya mikataba hiyo, na humfanya mtoto aiogope sala yenyewe. Mtoto anayeuliza swali gumu hajaasi. Anafanya kile ambacho maelezo yalikusudia afanye.

7.0 Athari kwa Sera

Mambo manne yanafuata kutokana na hoja hizi. La kwanza linahusu vyombo vya lugha, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kusambaza Kiswahili sanifu ni lengo halali, na ibada ya nyumbani tayari inalisaidia kwa kuwazoesha watoto lugha ya maandishi. Lakini msaada huo utaendelea tu iwapo Kiswahili cha nyumbani kitatambuliwa kuwa ngazi ya kukifikia Kiswahili sanifu. Ngazi ikivunjwa, mtoto habaki juu.

La pili ni la shule. Sheria ya msingi ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto kuwa lugha za kufundishia. Walimu wa madarasa ya mwanzo wanaweza kuutumia ujuzi ambao mtoto amekuja nao kutoka nyumbani, yaani kusikiliza maandishi yakisomwa, kueleza upya kwa maneno yake, na kujibu swali la kwa nini. Hili halihitaji kuingiza dini ya mtu katika somo la lugha; mbinu hiyohiyo inafaa kwa ngano au habari ya gazeti.

La tatu ni la makanisa na wachapishaji. Vitabu vya ibada ya familia vingewafaa wazazi zaidi kama vingekuwa na maelezo mafupi ya maneno magumu, kwa Kiswahili cha eneo husika, pamoja na swali moja au mawili yasiyo na jibu la neno moja. Usomaji uliorekodiwa ungezisaidia kaya zisizo na msomaji, ilimradi usichukue nafasi ya mazungumzo.

La nne ni la watafiti. Lugha ya ibada ya nyumbani inastahili kurekodiwa kwa ridhaa ya familia na kwa kuheshimu faragha ya sala, kwa kuwa humo namna mbili za Kiswahili hukutana kila siku bila mwalimu wa lugha kuwapo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba katika kaya zinazozungumza Kiswahili mashariki mwa Kongo, mtoto hujifunza imani na sala katika safari fupi kati ya lugha ya kitabu na lugha ya nyumbani, na kwamba anayemwongoza katika safari hiyo ni mzazi anayeeleza. Usomaji bila maelezo humwacha mtoto na maneno asiyoyaelewa. Maelezo bila usomaji humnyima urithi wa pamoja na lugha inayovuka mipaka. Sera inayotaka Kiswahili kiunganishe nchi za eneo hili haina budi kuviona vyote viwili. Mtoto anayemwombea baba aliye njiani kwa Kiswahili cha kwao hajakikosea Kiswahili. Ameanza kukitumia kwa jambo lililo zito kwake kuliko yote, na juu ya msingi huo lugha ya kitabu inaweza kujengwa.